Uzito wa Dereva

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Gari lako la spoti limefungwa stebilaiza ya mbele, ile nondo uliyoinunua kabla hujaondoka, ili lisilale kwenye kona. Fundi alisema lazima dereva aketi ndipo aikaze, isije ikavuta upande mmoja. Nikaketi mimi.

"Wewe mwepesi kama unyoya, binti," akacheka. "Baba yako ana kilo ngapi?"

Kabla sijajibu, Mama akafungua mlango wa gari. "Shuka. Ikaze kwa uzito wangu, fundi. Mwenyewe harudi."

Akaketi, ikakazwa. Mama alipokwisha kurudi ndani ya nyumba, nilimwomba fundi alegeze nati moja ya stebilaiza. Alikubali, mradi gari lisitoke uani. Lipo, Baba. Linasubiri uketi.

Mimi,
kifunguamimba wako