Diski Kumi na Mbili za Wimbo wa Sadaka

Jumatano, 4 Juni

Nimechapa kurasa ishirini na mbili za mwanafunzi wa kilimo tangu asubuhi. Mwandiko wa kuku, halafu atakuja kulalamika kwamba nimekosea jina la mbolea. Nimemaliza. Saa nane nikafunga kazi ya watu nikafungua yangu: kuchoma diski za DVD.

Diski ya kwanza imekufa kwenye asilimia sitini na moja. Kompyuta ikaitema, na maandishi mekundu: kosa la kuandika. Ya pili, sitini na tatu. Diski mbovu, nimesema. Kesho nanunua za aina nyingine.

Nataka kumi na mbili. Wanawake wa kwaya ni kumi na wawili, na kila mmoja atapokea yake mkononi siku ya kumaliza kilio cha Mama, Jumamosi ya wiki ijayo. Ni video ya dakika arobaini na saba. Mama yuko jikoni, kwenye kiti chake, anafundisha wimbo wake wa sadaka mstari kwa mstari. Nilimrekodi mwenyewe kwa simu, mwaka mmoja kabla hajafa. Sina kitu kingine chenye sauti yake.

Watu watasema weka kwenye flashi, tuma kwa simu. Hao akina mama wana simu za vitufe. Mashine za DVD wanazo, na paneli ndogo ya jua juu ya bati. Kwa hiyo diski, na asiyependa anyamaze.

Alhamisi, 5 Juni

Mapema asubuhi, kabla sijafungua kazi yoyote, moja ikapita mpaka mia. Sikuamini. Nikaruka kwenye pikipiki hadi Munigi, kwa Mama Furaha. Yeye na Mama walisimama bega kwa bega kwenye sauti ya pili ya kwaya miaka kumi na tisa, mmoja Mnande, mwingine mtu wa Rutshuru, na walikuwa wakigombana kuhusu chumvi ya maharagwe kuliko kitu kingine chochote.

Tukaiweka kwenye mashine yake. Ikazunguka, ikanung'unika, kioo kikabaki bluu.

"Kavira, mashine yangu haione kitu."

Kosa langu. Nilitupia ndani faili ya simu kama ilivyo. Kompyuta yangu inaielewa, mashine ya Mama Furaha haielewi. Inatakiwa kugeuzwa kwanza kuwa DVD ya kweli, halafu diski ifungwe. Nilijua hilo. Nilifanya haraka kama mjinga. Mama Furaha alinipa viazi vya kurudi navyo, kama mtu aliyefeli mtihani.

Ijumaa, 6 Juni

Kugeuza video kumechukua saa tatu. Halafu nikachoma. Asilimia hamsini na tano. Nimesoma mahali kwamba mwendo mkubwa unaharibu, punguza. Nimepunguza kutoka kumi na sita hadi nne. Imekufa kwenye arobaini na nane. Polepole ni mbaya kuliko haraka. Hiyo haina maana yoyote na imenikasirisha.

Niandike na sababu, kwa kuwa leo nina hasira ya kutosha. Wimbo wa sadaka ni wa Mama. Aliutunga akiosha sombe, majani ya muhogo. Kwaya ilipoenda studio, kwenye karatasi ya nyimbo Papa Deo, rais wa kwaya na mwenye kuiongoza, aliweka jina lake mwenyewe. Tena alikata pale Mama alipoweka kimya kabla ya mstari wa mwisho. Pumzi moja nzima, watu wote wananyamaza, halafu wanaingia. Papa Deo alisema misa ni ndefu, hakuna nafasi ya kunyamaza. Mama alilalamika mbele ya wote. Wakamwambia apumzike kidogo. Akapumzika miaka miwili, mpaka kaburini.

Kwenye video anaeleza kimya kile. Maneno yake mwenyewe: "Musiimbe kama batu benye kukimbia. Muimbe kama batu benye kufika." Hilo ndilo nataka lisikike ndani ya nyumba kumi na mbili. Lazima lisikike.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeamua ni umeme. Jirani yetu ana karakana ya kuchomea vyuma, na kila akigusa chuma taa yangu inapepesa. Nimeenda kumwomba asimame nusu saa. Mtu mwema, akasimama, akakaa mlangoni pa kontena lake akila karanga. Nikachoma. Hamsini na mbili.

Nimerudi kumwambia asante na samahani kwa pamoja. Akasema hata kuku hawapendi hii mitaa yetu ya vumbi, sembuse kompyuta. Kweli, kiangazi kimeingia hapa kwetu Murara. Vumbi jeusi la lava liko kwenye unga, kwenye nywele, kwenye Biblia. Lakini kompyuta ninaifunika vizuri. Hilo siyo tatizo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeibeba kompyuta yenyewe, sanduku zima, mpaka Katindo kwa fundi Amani. Niliishikilia mapajani kwenye pikipiki kama mtoto mgonjwa. Amani ameifungua, amesafisha jicho la graveur, kile kichomea diski, kwa pamba na alkoli, ameweka diski. Imepita. Mara ya kwanza. Amenitazama kama mtu anayemtazama mama mwenye kumsingizia mtoto ugonjwa.

"Dada, graveur yako iko muzima kabisa. Uniachie, kesho nitakutolea zote."

Nimekataa. Nyimbo za Mama zilitoka hivyo hivyo: ziliachwa kwa mtu mpaka kesho, na kesho yake zilikuwa na jina la mwingine. Amani hana ubaya, lakini hapana.

Nimefika nyumbani, nimeunganisha waya, nimefunika, nimechoma. Hamsini na nane.

Katindo inapita, Murara haipiti. Sijui kompyuta imeona nini Katindo.

Jumanne, 10 Juni

Mbili tena. Zimekufa zote. Nzima ninayo moja tu, ya Katindo.

Mama Furaha amepita akitoka sokoni. Anasema Papa Deo amewaambia kwenye mazoezi: asiwepo mama wa kupokea diski. Nyimbo ni mali ya kwaya. Atakayepokea, atapumzika kidogo yeye pia.

Nimemwuliza Mama Furaha atafanya nini. Amepanga nyanya zake upya kwenye beseni kwanza.

"Mimi nitaibeba mbele ya macho yake. Lakini ile mashine yako, itaweza?"

Itaweza. Nimesema hivyo. Sina hakika hata kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Papa Deo amekuja mwenyewe. Saa nne asubuhi, koti, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. Nilikuwa nimetoka kuanzisha diski. Sikuizima. Aone.

Mgeni ni mgeni. Nikamtolea chupa ya sucré, soda baridi. Lakini vitambaa vyote vya mezani viko kwenye kamba, nimevifua kwa ajili ya Jumamosi, na kumwekea mtu chupa juu ya mbao tupu siwezi. Mama angefufuka anipige. Kilichobaki ni kile kizito cha uzi mweupe alichokisuka mwenyewe kwa mkono, kilichokuwa juu ya kiti chake. Tangu afe ninakifunika juu ya kompyuta, kinashuka pande zote nne mpaka chini. Nikakivua, nikamtandikia adui. Nikaweka chupa na glasi.

Akasema alichokuja kusema, polepole, kwa upole, na hicho ndicho kinanichosha kwake.

"Dada Kavira, ile mambo ya madiski, uache. Mama yako alikuwa mutu muzuri, lakini kichwa yake ilikuwa nguvu."

"Papa, kunywa, itapata moto."

Akanywa. Nyuma yangu kompyuta ikafungua mdomo. Mia kwa mia. Nikaichukua diski bado ina joto, nikaandika juu yake kwa kalamu nyeusi jina la Mama, zima, mbele ya Papa Deo. Herufi zinasomeka.

Akaaga. Nikatoa chupa, nikarudisha kitambaa mahali pake, nikachoma nyingine. Hamsini na saba. Nikalia. Sikulia kwa huzuni, nilikuwa na hasira tupu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka najua.

Katindo, kompyuta haikuwa na kitambaa. Jana, Papa Deo alipokuwa amekaa, haikuwa na kitambaa. Alhamisi ile asubuhi, diski ilipopita, kompyuta ilikuwa bado baridi. Na nilipopunguza mwendo, nikaipa muda zaidi wa kuchemka, ndiyo maana ilikufa mapema. Nimeingiza mkono chini ya kitambaa baada ya saa moja ya kuchapa. Kama tumbo la sufuria. Matundu yote ya kupumulia nilikuwa nimeyaziba kwa kazi ya mikono ya Mama, kwa heshima, ili vumbi lisiingie. Nimeikaba mashine wiki nzima, na kila nikishindwa nilikuwa nikinyoosha kitambaa vizuri zaidi.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaacha kuchomea ili asikilize.

Kitambaa nimekikunja. Diski ya kwanza, mia. Ya pili, mia. Umeme ukakatika saa saba na kurudi saa kumi. Ya tatu, mia. Ya nne, mia.

Nikifikiri kwamba aliyenifungulia njia ni Papa Deo na kiu yake, ninakasirika tena kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Kumi na mbili. Kila moja nimeijaribu mpaka kwenye kimya. Nimemsikia Mama akisema "Mungoje" mara kumi na mbili, na mara ya kumi na mbili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Halafu nimechoma ya kumi na tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Kilio kimekwisha. Misa fupi, chakula, watu wengi, viti vya kuazima. Nguo nyeusi nimeivua.

Mama Furaha alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akaomba kwa sauti na mfuko wa kubebea. Wengine wakafuata. Wawili walisita. Mmoja alisema ataichukua baadaye, mwingine alienda kuangalia sufuria. Kabla ya jioni zote kumi na mbili zilikuwa zimeondoka. Aliyekuwa kwenye sufuria aliichukua ya mwisho, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake.

Ya kumi na tatu nilimpa Papa Deo. Aliitazama, akasoma jina. Aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya pili. Wimbo wa sadaka. Nilikaa nyuma, karibu na nguzo.

Walipofika mwisho wa mstari wa tatu, kabla ya ule wa mwisho, Papa Deo aliinua mkono kuwaingiza moja kwa moja, kama siku zote. Wanawake hawakuingia. Wote kumi na wawili walinyamaza. Mkono wake ukabaki juu. Kanisa zima likasikia kikapu cha sadaka kikiwekwa chini. Pumzi moja. Halafu wakaingia, taratibu, na mkono ukashuka pamoja nao.

Nyumbani nimekifua kitambaa, kimekauka haraka kwa jua hili. Nimekirudisha juu ya kiti cha Mama. Kompyuta iko wazi, vumbi linaingia, nitakuwa ninafuta. Mwanafunzi wa kilimo ameacha kurasa tisa mlangoni. Nitaanza kesho.