Picha Inayojua Umri Wangu

Jumatatu, 4 mwezi wa 3, 1963
Shamba la Kizuka tena, kukata mikungu ya mawese. Nimepanda michikichi kumi na miwili kabla ya saa sita. Saidi kumi tu, na mikono yake ya sokwe. Kapita, msimamizi wetu, anajua nina miaka kumi na tisa. Nilimwambia mwenyewe. Mutoto hapandi, anaokota chini. Mimi kuokota? Thubutu.
Bega la kulia limepanda tena. Saidi ananiita Mlango Mbovu. Wivu.

Alhamisi, 7
Mama kanivuta dispansari. Munganga Mzungu, anayepita mara moja kwa mwezi, kaniinamisha, mikono ikining'inia. Kapitisha kidole mgongoni. Karudia. Mtu akirudia nyuma yako, mushuku.
Kauliza umri. Mama alikuwa nje. Kumi na tisa, nikasema. Enfirmie, muuguzi wa hapo, kaandika. Huyo ni ndugu ya kapita.

Jumatano, 13
Bujumbura. Wamepiga picha ya mifupa. Uti wangu wa mgongo iko kama herufi S. Naijua S, nilifika darasa la tano.

Alhamisi, 4 mwezi wa 4
Munganga karudi dispansari, kainua picha dirishani. Kwa aliyekwisha kukua, kasema, mpindo mdogo hivi unapimwa tu, haufungwi. Kwa anayekua utazidi: afungwe korse, gamba gumu la plasta, kwapani hadi nyonga, miezi mingi. Hainyooshi kama fimbo, inazuia. Ukizidi sana, operesheni.
Kisha: "Picha inasema bado unakua, ncha za mifupa hazijafunga. Wewe unasema kumi na tisa. Sifungi plasta juu ya uongo. Niko hapa mpaka Jumamosi."
Picha gani inajua umri? Mama kamnong'oneza. Najua.

Ijumaa, 5
Nimemubana Mama. Kaapa hakusema.
"Suruali yako nimeshusha upindo mara mbili mwaka huu, weye! Nani anakua, mimi?"
Sijamwamini sana. Nikasimama mlangoni. Suruali iko juu ya vifundo.
Nikisema kweli, enfirmie atamwambia kapita, nitaokota chini, Saidi atacheka mpaka aanguke mtini. Nisiposema, najikunja. Nachukia yote mawili.

Jumamosi, 6
Nimesema. Kumi na nne. Enfirmie kafuta, kaandika upya. Hakucheka.
Plasta ilikuwa na joto kidogo, kisha ikawa baridi na nzito. Siwezi kuinama.
Mama kanifunga kamba za viatu, mbele ya watu wote. Sikumkataza.