Kitanda Nilichokiomba

Jumatatu, 4 Septemba

Bweni limejaa kelele tena, alhamdulillahi. Wasichana wamerudi na mabegi yao, ngazi nzima inanukia mafuta ya nywele. Mama Funguo shikamoo, Mama Funguo bomba halitoi maji, Mama Funguo mwenzangu anakoroma. Huyo nimemwambia awahi kulala yeye, amkoromee mwenziwe.

Binti yangu hakupata kitanda. Mwaka wa pili huu. Ni wa kwanza kati ya wanaosubiri, lakini nafasi hakuna. Bado analala sebuleni kwa dada yangu, ng'ambo ya mji, na vipindi vyake vinaisha giza limeshaingia. Juzi mwanamume alimfuata kutoka kituoni mpaka mlangoni. Hakuniambia yeye, kaniambia dada. Na mimi nina chumba humuhumu — ila matroni haruhusiwi kulaza mtu. Nilitia sahihi, na sijavunja hata mara moja.

Nimekaa kwenye sijda mpaka magoti yakauma. Mola wangu, kitanda kimoja tu.

Jumatano, 6 Septemba

Twiga kaja ofisini. Jina wamempa wenzake kwa urefu wake, akilala miguu inatokeza nje. Kwao ni mbali, nchi nyingine kabisa. Kiswahili kajifunzia hapa bwenini, kingi kwangu, ndiyo maana anaongea kama mama mtu mzima. "Mama, maji yamenifika shingoni." Nikacheka. Kisha nikaona machozi.

Wanafunzi wa hapa wanalipa ada na bweni nusu nusu. Wa kutoka nje wanatakiwa walipe ya mwaka mzima kwanza, na yao ni kubwa mno. Baba yake alikwenda benki kutuma, akakuta imefungwa kwa ajili ya vurugu za huko. Sasa hata simu yake haiiti. Pesa ipo, haivuki. Mwisho ni Ijumaa.

Nimemwambia alale, kesho nakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa mhasibu. Kijana mpole, amenipa kiti. Nikamwomba Twiga alipe nusu kama wenzake, au angojewe wiki mbili tu.

"Mama, kompyuta haina nusu kwa mgeni."

"Kompyuta haina, wewe je?"

Akanitazama kwa huruma, kweli kabisa. "Mama yangu, huruma haina risiti. Nikiandika nimepokea, nimepokea nini?"

Nimerudi kwa miguu, sikutaka kukaa na watu kwenye basi.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimechukua ufunguo wa Twiga. Kazi yangu ni hiyo. Nilimkuta amekunja shuka, amefagia mpaka uvunguni. Hakubisha. Kaniuliza tu: "Mama, sasa nakwenda wapi?"

Mimi ndiye wa kuulizwa, na ufunguo ninao mkononi.

Jumamosi, 9 Septemba

Msimamizi wa malazi kapiga simu asubuhi, sauti ina furaha. "Hongera mama, binti yako kapata kitanda." Kabla hajataja chumba nilishajua.

Nikamuuliza, nikikikataa je?

"Atapewa anayefuata. Yule wa nje harudi pale kwa sababu wewe umekataa. Usiwe mjinga, mama, mwanao anafuatwa na wahuni."

Amesema kweli, na ukweli wake umenichoma.

Mola wangu, nilisema kitanda kimoja tu. Sikusema cha nani. Nilidhani vitanda vinatoka wapi, vinashuka kutoka mbinguni vimeshatandikwa? Mwezi mzima nimeomba chumba kiwe wazi, na chumba hakiwi wazi mpaka mtoto wa mwenzio atoke. Sikufikiri. Astaghfirullah. Leo sitaandika zaidi.

Jumapili, 10 Septemba

Binti yangu amehamia. Dada kamsindikiza na ndoo, pasi ya umeme na maneno mengi. Mtoto ana furaha, uso umerudi wa utotoni. Anasema leo atalala kama mfalme, hakuna wa kumruka kwenda kuwasha televisheni. Kitanda kilikuwa cha nani hajauliza. Nami sijasema.

Twiga yuko chumbani kwangu tangu juzi. Ndiyo, nimeivunja sheria. Kwa mwanangu sikuivunja. Hili nalo nitalijibu siku ya kujibu.

Twiga ndiye aliyembebea binti yangu godoro. Nilimkataza, akasema mgongo wangu si wa kubeba godoro. Niliwasikia ngazini wanacheka, binti anamwambia Twiga punguza urefu, godoro linapinda. Twiga kafika mlangoni pa chumba kilichokuwa chake, kaliweka chini polepole, kamwambia mwenziwe karibu, humu kuna upepo mzuri. Basi. Hakusema lingine.

Sasa hivi kaniambia: "Mama, binti yako anasema wewe ukiomba, unapewa. Ameniambia ulimwombea kitanda mpaka kikapatikana. Niombee na mimi. Baba apokee simu, pesa zivuke."

Nimemwambia subiri kidogo, namalizia kazi ya ofisi. Kazi ndiyo hii ninayoandika. Yeye kakaa pale ukingoni mwa kitanda changu, viganja amevifungua tayari, ananingoja nianze. Nami kila neno la dua ninaloliokota, kwanza nauliza litamtoa nani.