Chuma cha Dirisha la Jikoni

Kolwezi, siku ya pili ya juma

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mwanao Banze, za mke wangu na za wajukuu wako wanne. Sisi wazima, kikohozi cha vumbi tu. Miguu yako inaendeleaje? Yaya, dada yangu mkubwa, aliandika kwamba uvimbe umepanda hadi magotini, na kwamba treni ikipiga filimbi hapo Kongolo unauliza kama ndimi. Tangu niisome barua ile chakula hakishuki vizuri. Na wewe Ngoie unayemsomea bibi yako, soma polepole, na ukifika kwenye aibu yangu punguza sauti, majirani wasifaidi.

Mama, nyumba haijauzwa. Ulitumaini nifike kabla ya mvua, nami nilitumaini hivyo hivyo. Kazi ya kuchomelea vyuma imekwisha, wamenistaafisha, hakuna kinachotuzuia huku ila hii nyumba. Kuiacha tupu haiwezekani, maana nyumba tupu mjini hapa haimalizi juma moja na mabati yake.

Jirani yangu Tata Kalenga, ambaye aliuza yake mwaka jana, alinishauri nisianze na vyumba. Alisema siku hizi kila mnunuzi anawaza wezi, kwa hiyo nimwonyeshe kwanza jinsi tunavyolala salama. Shauri hilo lilinipendeza kupita kiasi. Unanijua, Mama: mtu akinisifia vyuma vyangu, amenimaliza. Antivol za madirisha yote, vyuma vya kuzuia wezi, nilizichomelea kwa mikono yangu. Basi nikaandika kibao, nyumba inauzwa, ina ukuta na antivol, nikakitundika kwenye geti.

Akaja mtu mmoja aliyejitaja Citoyen Mukalay, amevaa suti ya abakosti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nikamzungusha lupango yote, ua mzima. Nikamwonyesha vipande vya chupa juu ya ukuta, mlango wa chuma na komeo zake tatu, kadena, kufuli la geti, na mahali ninapoficha ufunguo wa pili. Nikamtajia jina la mbwa, nikamwonyesha jinsi anavyonyamaza ukimwita. Halafu kiburi kikanishika zaidi nikampeleka jikoni. Pale dirishani kuna chuma kimoja ambacho hakikuchomelewa: unakiinua, unakizungusha, kinatoka. Nilikitengeneza baada ya ile vita iliyoingia Kolwezi, tulipolala chini ya kitanda siku kadhaa, risasi zinapita, nikagundua kwamba nyumba nzima ina mlango mmoja tu. Nje ya familia hakuna aliyejua. Mukalay alikiinua mwenyewe, akakitoa, akakirudisha, akatabasamu. Akasema Siku ya Mungu, watu wakitoka misa, atarudi na mke wake.

Mke wangu aliporudi sokoni nilimsimulia kwa furaha. Aliweka beseni chini.

"Ulimuonyesha na dirisha ya jiko?" akaniuliza. "Unamujua ule muntu?"

Sikumjua. Kalenga naye hakumjua. Siku ya Mungu ikapita, na ya pili ikapita, mtu haonekani. Mdomo umeponza kichwa, Mama, na sikuwa na wa kumlaumu. Niliogopa kama mtoto. Kila mwenye viatu safi aliyepita barabarani nilimsindikiza kwa macho hadi kona. Kadena nilibadilisha. Mbwa tulimpa jina jipya, na maskini mpaka leo hajui kama anaitwa au anatukanwa. Mwishowe nikaazima mashine kwa wenzangu wa zamani, nikakichomelea kile chuma cha jikoni juu na chini, mara mbili. Siku hiyo nilikula vizuri.

Siku ya Mungu ya tatu, baada ya misa, wakaingia: Mukalay, mke wake, na mtoto mgongoni. Mukalay alikuwa ametumwa kwenye migodi ya Kisenge kutengeneza mashine, akarudi juzi yake. Aliomba radhi yeye, mimi niliyemfanya mwizi nikakimbilia kuwaletea viti.

Yule mama hakuangalia ukuta wala komeo. Aliomba aonyeshwe jikoni, maana mume alikuwa amemwambia habari za lile dirisha. Akashika chuma, akainua. Akazungusha. Akajaribu cha pili, akajaribu vyote mpaka cha mwisho. Mume wake akanitazama. Nikasema nimekifunga kwa hofu ya wezi. Mwizi gani sikutaja, lakini nadhani alielewa. Nikawaomba wanipe saa moja, nilete mashine, nikikate mbele yao.

Yule mama alisema taratibu, kama mtu anayesimulia habari za wengine:

"Dada yangu alikuwa na nyumba ya antivol sawa hii. Mu vita moto ilishika ku mulango. Siye tulikuwa ku inje, tunavuta bile byuma na mikono. Mwizi aingie, abebe yote. Mi naomba tu mahali ya batoto kutokea."

Nikarudia kwamba nitakikata leo hii.

"Utakata, tata, najua," akasema. "Lakini ulifunga, na batoto bako beko ndani."

Wakaaga kwa heshima. Alimshukuru mke wangu kwa maji, wakaenda zao.

Mama, kile chuma nilikikata kabla ya kuonja bukari, ugali wa mchana. Nikawafundisha watoto wote kukiinua. Mdogo hana nguvu, nikakisugua kwa tupa hadi akaweza, kisha nikatoka nje nisionekane na mke wangu nikilia. Tangu hapo wamekuja wawili kuangalia nyumba, hawajarudi.

Nisalimie yaya na shemeji anayekupeleka dispensari kwa baiskeli, na mama mdogo anayekupikia. Mwambie baba mkubwa mbegu zake ninazo. Ngoie, asante, umesoma vizuri.

Mama, usiniandikie kwamba hujambo kama si kweli. Niandikie miguu ilivyo. Ukisema njoo sasa, nitaacha milango wazi, nitapanda treni.

Mwanao,
Banze