Namba ya Siri ya Mashine ya Bi Rukia

Magogoni, Kisauni
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa wapanda ngazi bila kushika ukuta. Na Lamu yote hapo nyumbani, wazima? Mimi afya ninayo, nala, nalala. Barua hii atakuletea Fatma mkononi. Simu sikupigi, kwa sababu ukiniuliza tu "habari ya kazi" nitakujibu "nzuri", na uongo nishakwambia wa kutosha.

Ile mashine ya Bi Rukia niliyokwambia nimeitengeneza, sikuitengeneza. Niliiua.

Ngoja nieleze polepole, ingawa wajua mimi na polepole hatupatani. Maji ya visima vya huku ni chumvi tupu. Shoga yako Bi Rukia ana mashine hii ya kuyageuza kuwa maji matamu, na mtaa mzima huja na madumu. Ina kisanduku chenye programu ndani, ndicho kinachoamua pampu ipi iwake na valvu ipi ifunge. Mwezi uliopita kilijizima chenyewe, kioo kikaandika: muda wa huduma umefika, ingiza namba ya siri. Namba wanayo waliouza mashine, basi. Bi Rukia akawapigia, akaambiwa angoje fundi wao kutoka ng'ambo, na hajulikani lini. Akaomba apewe yeye hiyo namba.

"Mama, wewe umenunua mashine," kijana wa simu akamwambia. "Programu ni yetu."

Bi Rukia akakata simu. "Ni kama kuuziwa nyumba," akasema, "halafu aliyekuuzia akabaki na ufunguo wa choo."

Mimi nikacheka, nikamwambia, "Mama mdogo, hii naifungua kabla ya adhuhuri." Ujuzi wenyewe wa video za mtandaoni.

Kisanduku kikakataa ninakili programu. Nikabahatisha namba, zote zikakataliwa. Halafu kwenye kompyuta yangu, niliyoiunganisha na kisanduku, nikaona pa kubonyeza: umesahau namba? Futa. Nikadhani inafuta namba. Ikafuta kila kitu. Na nakala hakuna, maana Bi Rukia hakupewa nakala tangu siku aliyonunua. Marehemu baba alikuwa hafungui hata redio kabla hajachora kila waya kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi. Mimi sikuchora chochote.

Bi Rukia akaingia. "Vipi, injinia?"

Ulimi ukanitangulia, mama. Nikasema, "Nimeikuta imefutwa. Kuna mtu amebonyezabonyeza."

Na anayeigusa ni mmoja tu, Karisa, mtu mzima wa Kilifi, ameiendesha tangu ilipofungwa. Akaitwa, akaulizwa.

"Mimi huandika tu, Bi Rukia. Sibonyezi," akasema, macho yake kwangu.

Bi Rukia akamwambia akapumzike nyumbani kwanza. Karisa akachukua shati lake msumarini, akaenda. Jioni ile ukanipigia, ukauliza, "Ishafunguka?" Nikasema ndiyo. Kigelegele chako bado nakisikia.

Siku tisa nilikaa na jambo hili. Siku ya tisa mama mmoja akaja na madumu yake matupu akasema, "Huyo Karisa ametukatia maji, wallahi sijui tulimkosea nini." Nikamjibu, "Ndiyo hivyo." Ndiyo hivyo, mama. Jioni hiyo nikaenda kwa Bi Rukia, nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kuingia siwezi.

Hakunitukana. Alisema, "Nimemtoa mtu mzima kazini kwa neno lako." Halafu, "Vaa viatu."

Tukaenda kwa Karisa. Bi Rukia akamtaka radhi yeye kwanza, kisha mimi. Karisa akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na madaftari matatu. Kila asubuhi alikuwa akiandika: pampu ndogo kwanza, sekunde ngapi, valvu ipi yafuata, presha imefika wapi. Alimpa Bi Rukia, mimi hakunipa.

Sasa tumefunga kisanduku kingine, kisicho na kufuli la mtu, na naandika programu mpya kutoka madaftari yale. Nikikwama namuuliza Bi Rukia, yeye anamuuliza Karisa, naye anamjibu Bi Rukia, na sote tuko chumba kimoja. Nakala itakaa kabatini kwa Bi Rukia, na namba ya siri ataichagua yeye mwenyewe.

Jana maji yalitoka. Karisa akakinga kikombe, akaonja, akanigeukia mimi.

"Bado chumvi," akasema.

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Kesho naanza tena tangu daftari la kwanza.

Nisalimie dada Mwanaidi na wanawe, na mjomba Shee muuza mikate, na bibi unibusie mkono wake. Najua umeshawahadithia wote kuhusu injinia wako. Nakuomba uwaambie kweli, mama, hata kama watanicheka. Waambie mashine ni ya Bi Rukia na anayeijua ni Karisa. Mimi nawasaidia.

Nisamehe, uniombee dua.

Mwanao,
Swaleh