Usimsomee Baba Yako Khitma

Anchia, mke mwenzangu,

Huna haya. Mihogo nimepanda, nimeng'oa, nimepanda tena, wewe hujakanyaga huku Mute. Barabara ilipofungwa nilikusamehe. Sasa magari yanapita, watu wa Mocímboa wanashuka hapa kununua mkaa, wewe huonekani. Haya, assalamu alaykum, mjukuu wangu. Jino lako limepoa? Nyumba yetu mmeshaiezeka? Mimi mzima, ni goti tu linalonionea. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa mwalimu Zainabo, jirani yangu, nami nimemkataza kunipunguzia hata tusi moja.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Unasema umeonyeshwa kwenye simu gazeti la Kiingereza la wakati ule tulipokimbia vita, na ndani yake jina la baba yako Assane, chini ya neno "missing", yaani hajulikani alipo. Wamekuambia mtu aliyeandikwa hivyo, na miaka yote hii kimya, basi hayupo tena. Kwa hiyo unataka kumsomea khitma, kisha baba yako mdogo awe walii wako siku ya ndoa. Usisome, Anchia! Baba yako yuko hapa kwangu, amekaa kwenye jamvi, anakula mihogo yangu kwa papa mkavu. Rudia kusoma hapo, ulie, halafu uendelee.

Sasa hilo neno. Kosa ni letu. Tulipofika kambini walikuja watu wa magazeti na daftari, na mkalimani wao. Wakauliza, "Nani hamumwoni?" Sisi tulishazoea: ukiona daftari, hiyo ni lista, orodha ya mgao wa mchele na mafuta. Jina lisiloandikwa halili. Basi tukamwaga majina! Bi Fatima alimtaja mumewe, na mume kaenda kuchota maji. Mimi nikamtaja Assane, na yeye kweli sikumwona tangu tulipotawanyika. Wenzangu wa foleni nyingine wakanitaja mimi, wasije wakaninyima mgao.

Juzi mwalimu akanisomea gazeti lenyewe. Anasema waandishi wa siku zile walimwandika "missing" kila asiyekuwa mbele ya macho ya aliyeulizwa, hai au maiti, wakapanda gari wakaenda zao. Hakuna aliyerudi kufuta.

"Bibi," akaniambia, "hata wewe umo."

"Basi aliyekuja kukuomba chumvi asubuhi ni zimwi."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baba yako hakucheka. Yeye alivuka Ruvuma, akapata kazi kwenye mikorosho upande wa Tanzania. Huko tajiri wake alimsomea gazeti hilohilo, akasikia jina langu. Akanisomea khitma mwanangu, na mbuzi akachinja, na mimi huku nalima! Na kwa kuwa nilikimbia nikiwa nimekushika mkono, akajua nawe umekufa pamoja nami. Akaona hana tena pa kurudi.

Mwezi uliopita akakutana mnadani na mama mmoja wa hapa Mute, muuza mikeka. Akamuuliza habari za huku. Yule mama akaanza kulalamika: "Tunaishi na kibibi kimoja cha Mocímboa, Atija, kila siku kinatutukana kisimani."

Assane akakaa chini. "Anatukana vipi?"

Akatajiwa. Akajua ni mama yake.

Jumatatu nilikuwa natwanga, mtu akabisha hodi uani, ndevu nyeupe. "Nani wewe?" Akasema, "Mama, si ndimi mimi." Nikamchapa kofi kwanza, kisha nikamkumbatia. Tangu siku hiyo chakula kinapita kooni, Anchia. Miaka yote nilikuwa nameza tu.

Kila jioni ananiuliza kama utamjua. Namwambia pua yako ameichonga yeye, utamkosaje?

Msalimie baba yako mdogo, mwambie mwenye haki ya kuozesha amerudi, na asininunie. Msalimie shangazi yako mshonaji, aanze kanzu ya mtu aliyekonda. Shehe wa msikiti wetu mwambie dua isipotee, aigeuze ya shukrani.

Ni mimi bibi yako Atija, niko Mute, ninapumua.

Ukija, usije peke yako. Njoo na huyo mchumba, mchana kweupe, na atangulie yeye kuingia uani. Baba yako amtazame sawasawa kwanza, maana akishakuona wewe hatamtazama mtu mwingine tena.