Mwaka Mwalimu Lou Alipoanza Kusahau Taiji

Jumatatu, 8 Oktoba

Ukungu haujaondoka mlimani. Leo Mwalimu Lou alisimama katikati ya zoezi la taiji, ile miondoko yetu ya polepole, mkono hewani kama aliyeshika wingu. Akabaki hapo. Wanafunzi nao wakabaki — walidhani ni somo la utulivu. Mimi niliona macho yake. Hajui kinachofuata! Nikapita mbele taratibu, nikageuza kiuno, naye akanifuata. Hakuna aliyeshtuka. Miaka thelathini na nne mimi ndiye ninayemfuata.

Jumatano, 10 Oktoba

Caiyun, mkwe wa mwalimu, kaja na bakuli la uji wa mtama. Kisingizio tu. Anasema juzi mzee kapotea njia ya sokoni, kakutwa amesimama kwenye mahindi ya watu, anatabasamu. Daktari kasema kumbukumbu inafifia, haitarudi.

“Shangazi Shufen, chukua wewe darasa.”

Nimekataa. Nina miaka hamsini na tisa, na kila mwaka nagundua kuwa mwaka jana sikujua kitu. Nifundishe nini?

“Basi nani?” akauliza.

Uji ukapoa.

Jumapili, 14 Oktoba

Kila vuli mwalimu hupaka rangi upya ile duara ya taiji ya uani tunapofanyia mazoezi, nyeusi na nyeupe zilizokumbatiana. Leo nimemshikia kopo. Alimaliza nyeusi vizuri, bila kutoka nje ya mstari. Kisha akakwama.

“Binti, nyeupe inaanzia wapi?”

“Pale nyeusi inaposhiba, mwalimu. Ikishajaa kabisa, nyeupe inazaliwa ndani yake.”

Akanitazama kwa mshangao.

“We! Maneno mazuri hayo. Nani kakufundisha?”

“Wewe.”

“Mimi?” Akacheka mpaka brashi ikamwanguka. “Kumbe nilikuwa najua!”

Nami nikacheka. Machozi yakanitoka, nikasingizia rangi. Miaka yote nimeyasema maneno hayo kama kasuku. Leo, nimepiga magoti kwenye saruji, ndiyo kwanza nayasikia.

Jioni nikamwambia Caiyun: sawa, nitasimamia. Kwa muda tu.

Jumanne, 16 Oktoba

Darasa la kwanza. Nilisahau kuhesabu pumzi. Vijana walinivumilia.

Alhamisi, 18 Oktoba

Naandika haraka, darasa linangoja. Asubuhi hii hodi kwenye lango la ua. Mwalimu Lou! Nywele kachana kwa maji, kavaa viatu vipya vya kitambaa. Nyuma yake Caiyun, kaziba mdomo kwa kiganja.

“Samahani, mama. Nimesikia hapa wanafundisha taiji. Mtu wa miaka themanini na sita, nimechelewa?”

“Hujachelewa.”

“Mwenyewe nilijua!” Akaingia kama mtoto aliyepewa ruhusa. Sasa yuko safu ya mbele kati ya wanafunzi wapya, namwona uani kupitia dirisha la chumba changu. Hawajui wamwamkie vipi. Yeye anageuka huku na huku, anawauliza mmoja mmoja, mwalimu wa hapa anaitwa nani. Wanatazama mlango wangu.

Natoka —